Kesi ya Andazi Lililoitwa Hotuba

Ipo nchi moja, na msiulize iko wapi, kwa sababu ramani yake imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko safarini kikazi tangu mwaka juzi. Ni nchi ya amani. Amani yenyewe inalindwa kwa bunduki, mbwa na magari ya maji ya kuwasha, isije ikatoroka.

Watu wa nchi hiyo walinyang'anywa vitu vingi, lakini ulimi waliachiwa, kwa kuwa hakuna waziri aliyeona faida yake. Basi wakautumia. Maji ya bomba waliyaita Mbunge, maana yalionekana mara moja kila miaka mitano. Sukari waliiita Mgeni Rasmi: ilichelewa kufika na kuwahi kuondoka. Mashimo ya barabarani yaliitwa Miradi, kwa kuwa yalikuwa mengi, yaliongezeka kila mwaka, na watu walikuwa wakitumbukia humo. Serikali ilipounda Tume ya kuchunguza njaa, vijana wa vijiweni waliitolea ripoti siku hiyo hiyo: Tumeliwa, Tumechoka, Tumekwisha. Na neno uongozi walilitamka kwa kituo, wakipumzika baada ya herufi tano, kama mtu aliyekwisha fika alikokuwa akienda.

Mkuu wa nchi aliitwa Mlezi wa Taifa. Jina hilo alijipa mwenyewe, baada ya kushauriana na yeye mwenyewe kwa kina. Siku moja alipita sokoni ndani ya gari, vioo vimepandishwa, akawaona watu wanacheka. Akauliza wanacheka nini. Waliojua walijifanya hawajui. Waziri wa Habari, ambaye kweli hakujua, alisema wanafurahia maendeleo.

"Maendeleo yapi?" Mlezi akauliza.

Waziri alishushwa kwenye mzunguko wa barabara, na inasemekana hadi leo anauzunguka.

Wiki hiyo hiyo, Mlezi alipokwisha kunong'onezwa utani huo, Bunge likapitisha Sheria ya Maana Moja. Kifungu cha kwanza kilisema kila neno lina maana moja. Cha pili kilisema maana hiyo ni mali ya serikali. Cha tatu kilisema atakayekutwa na maana ya pili, iwe kwa kuitamka, kuiandika au kuikonyezea jicho, atafungwa miaka mitatu. Cha nne kilifuta sheria nyingine zote zilizohusu maneno, ya matusi ikiwemo, ili kupunguza makaratasi. Cha tano hakikuwepo. Saa ya chakula ilikuwa imefika.

*

Utekelezaji ulipata kikwazo mapema. Ili kumshtaki mtu kwa maana ya pili, ilibidi afisa aeleze maana hiyo ni ipi. Lakini afisa akiijua, naye amekutwa nayo. Polisi wawili wa kwanza waliokamata watani waliishia seli moja na watani wao, wakielezana.

Ndipo ikatolewa Leseni ya Kuelewa. Namba moja, na ya mwisho, alipewa Sikudhani, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye diploma ya Kiswahili na ulimi uliokuwa ukimwasha tangu utotoni. Alipewa meza katika Idara ya Maana Moja, kiti chenye miguu mitatu na nusu, na cheo cha Mfasiri wa Misimu. Wengine wote idarani walikuwa Wanyofu, yaani watu waliofaulu Mtihani wa Kutocheka. Mtahiniwa aliketishwa mbele ya mchekeshaji aliyeazimwa gerezani, akaangaliwa mashavu kwa saa mbili. Mkurugenzi, Ndugu Kapalata, alifaulu kwa daraja la kwanza. Alisema hakuona ugumu wowote.

Kila Jumatatu polisi walileta maneno waliyoyaokota mitaani. Sikudhani aliyaandika kwenye fomu: neno, maana ya serikali, maana ya pili, sahihi, muhuri. Aliyapenda. Aliyaandika kwa mwandiko mzuri, kama mtu anayepanga vyombo vya harusi, akijiambia kwamba angalau hapa yanahifadhiwa na hayatapotea. Fomu ilikuwa na nafasi ya neno, haikuwa na nafasi ya mtu. Jambo hilo lilimsaidia sana kulala.

Mpaka Jumatatu moja ilipokuja fomu iliyosomeka hivi: Neno: Hotuba. Kitu kilichoitwa: andazi. Maelezo ya kitu: kubwa, limevimba, linang'aa kwa mafuta, ndani hamna kitu. Mahali: stendi ya malori.

Sikudhani aliiweka kalamu chini. Andazi hilo alilijua tangu halijawa na jina. Lilikuwa la Bi Siwatu, mdogo wa marehemu mama yake, ambaye alimlea, akamsomesha, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akiamka kabla ya adhana kukanda unga ili mtoto wa dada yake apate daftari.

Kapalata alikuja mezani akiwa na andazi lenyewe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Binti, hili jambo linanitatiza," alisema. "Mwenzake nimelila. Nimelitafuna kwa makini, huku nimetega sikio. Sikusikia hotuba."

"Huwezi kusikia, mzee."

"Sasa linahutubiaje?"

"Halihutubii."

"Basi mama huyu ni mwongo, na bado sijaona kosa." Akalitazama andazi kwa upande mwingine, pengine lingelegea na kuungama. "Alhamisi utakwenda mahakamani utueleze."

"Mzee, yule ni mama yangu mdogo."

"Najua. Ndiyo maana itapendeza. Itaonyesha serikali haina undugu." Kapalata hakutabasamu, hakuwa na kibali. "Ukishasema maana ya pili, yeye anakwenda miaka mitatu. Ukikataa kusema, leseni yako inafutwa hapo hapo. Na mtu anayeelewa bila leseni unajua anapelekwa wapi."

"Naye atapona?"

"Aah, hapana. Yeye atakaa rumande mpaka tupate mfasiri mwingine. Na mfasiri mwingine hayupo." Aliliweka andazi juu ya faili, akaifuta mikono kwa leso. "Serikali haikosi njia, binti."

*

Bi Siwatu alikuwa amekaa sakafuni kwenye mahabusu ya kituo, khanga moja ameikalia na nyingine ameifunga kichwani. Alimwona Sikudhani kupitia nondo, akamtazama kuanzia viatu.

"Umekuja kunitafsiri?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimeuliza."

Sikudhani alichuchumaa ili nyuso zao ziwe sawa. Akasema haraka, kwa sauti ya chini, kwamba kuna njia. Aseme alikuwa anatania. Aseme hotuba ni jina tu, kama vile mtu anavyomwita paka wake Simba.

"Sikuwa natania," alisema Bi Siwatu. "Nilikuwa nauza maandazi. Unga umepanda bei, hamira hakuna, nikawa nayavimbisha kwa maji ya moto na dua. Mteja akaliuma moja, akakuta hewa. Akaniuliza, mama, nini hiki? Nikamwambia hiyo ni hotuba ya Mlezi. Basi. Akanunua la pili."

"Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza ningeuza nini? Hewa bila maelezo?" Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mwanangu, hebu niambie. Katika hiyo kazi yako umeandika mangapi?"

"Maneno mia na arobaini na moja."

"Na watu?"

Nyuma ya Bi Siwatu, gizani, kulikuwa na wanawake wengine sita waliokwisha hukumiwa, wakisubiri gereza lipate nafasi, na mmoja wao, kijana mwenye nywele zilizosukwa nusu tu, alisema bila hasira, "Mimi ni Mgeni Rasmi. Ulinieleza vizuri sana. Hakimu alikusifia."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Bi Siwatu ndiye aliyemwokoa, kwa kuwa hakuwahi kumwacha mtoto huyu aadhirike kwa zaidi ya dakika moja.

"Wanasema nilificha maana," alisema. "Hicho ndicho kinachoniudhi. Mimi nilificha nini? Kila aliyeuliza nilimjibu mbele ya watu, kwa sauti hii hii. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mara mbili."

Sikudhani aliinua kichwa. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mtaa wa pili. Kisha akaaga, akarudi idarani, akaomba nakala ya Sheria ya Maana Moja. Ilikuwa karatasi moja. Aliisoma mara nne, na kila mara iliishia pale pale.

*

Siku ya Alhamisi mahakama ilijaa. Wananchi waliruhusiwa kuhudhuria kwa masharti ya kuacha nyuso zao mlangoni, yaani kuzikaza zisicheke. Mabango manne yalisema USICHEKE, na la tano, lililochapwa kimakosa, lilisema USICHOKE. Wazee wa baraza walikuwa Wanyofu watatu, wameketi kama mafiga. Andazi, kielelezo namba moja, lilikuwa juu ya mto wa mahameli. Lilikuwa na siku kadhaa sasa, na tofauti na hotuba, lilikuwa limepata uzito.

Wakili wa Serikali alisimama akalirekebisha joho.

"Mheshimiwa Jaji Mkwabi," alianza, "taifa hili lilijengwa juu ya maneno. Tulipokosa matofali, tulikuwa na maneno. Tulipokosa dawa, Mlezi wetu alitupa maneno, asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula kwa wale waliokula. Leo mwanamke huyu, kwa mikono iliyojaa unga, amelichukua neno tukufu la hotuba na kulitumbukiza katika mafuta ya moto! Akaligeuza upande wa pili! Na mimi nasema, mheshimiwa, penye upande wa pili pana maana ya pili!"

Wanyofu wakaitikia kwa vichwa. Bi Siwatu, kizimbani, alimwambia askari wa pembeni yake, "Huyu naye kaumuka."

Sikudhani aliitwa. Aliapa. Kapalata alikaa safu ya mbele, leseni ya Sikudhani ikiwa mkononi mwake pamoja na mkasi.

"Shahidi," alisema Wakili, "iambie mahakama. Mshtakiwa alipoliita andazi hili Hotuba, neno hilo lilikuwa na maana ngapi?"

Sikudhani alimtazama Bi Siwatu kizimbani, kisha akamgeukia Wakili.

"Moja," alisema.

"Tamka vizuri. Ngapi?"

"Moja, mheshimiwa. Hewa iliyofungwa ndani ya kitu kinachong'aa. Andazi lile liko hivyo na hotuba za Mlezi ziko hivyo. Vitu ni viwili, lakini maana ni moja."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililotisha. Watu mia tatu walikuwa wamekuja na vicheko vyao wamevibana kama mkojo, na ghafla hawakuvihitaji tena.

Jaji Mkwabi alishika kingo za meza. "Unamtukana Mlezi wa Taifa mbele yangu?"

"Niko chini ya kiapo, mheshimiwa. Nimeulizwa maana, nimetoa maana, na ni moja kama sheria inavyotaka. Mahakama inionyeshe kifungu nilichovunja."

"Karani! Sheria ya matusi!"

Karani alipekua. Alipekua kwa uaminifu, upande wa mbele na wa nyuma, ijapokuwa karatasi ilikuwa moja.

"Ilifutwa, mheshimiwa. Kifungu cha nne. Kupunguza makaratasi."

"Ya uchochezi?"

"Pia."

"Ya kumfedhehesha Mlezi?"

"Hiyo ilikuwa na makaratasi mengi kuliko zote, mheshimiwa."

Jaji alimgeukia Bi Siwatu kwa matumaini, kwa sababu washtakiwa wengi hujiokoa kwa kukana, na akikana tu, basi alikuwa na maana nyingine kichwani, na maana hiyo ingekuwa ya pili. "Mama, wewe hukukusudia hayo aliyosema huyu binti. Si ndiyo?"

"Nilikusudia," alisema Bi Siwatu. "Tena mwanangu amepunguza. Mlezi ni mwongo, na ni mwizi. Unga wa shule zetu aliuuza."

Karani, bila kuagizwa, alifungua Kamusi ya Serikali. Alikuwa mtu wa mazoea. "Mwongo," alisoma, "mtu asemaye uongo. Maana moja, mheshimiwa. Mwizi: mtu aibaye. Maana moja. Zote zimethibitishwa na Wizara, na muhuri upo."

Jaji Mkwabi aliitazama picha ya Mlezi ukutani. Akalitazama andazi. Akaitazama pensheni yake, ambayo yeye peke yake aliiona, ikitoka nje kwa mlango wa nyuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mshtakiwa ametumia neno kwa maana moja, kwa mujibu wa sheria, na yuko huru.

Kapalata aliikata leseni vipande viwili. Lakini alipotafuta kosa la kumkamata Sikudhani hakulipata, maana alichokielewa binti huyo kilikuwa kimeeleweka na ukumbi mzima, Wanyofu wakiwemo, na kwenye karandinga la polisi hapakuwa na nafasi ya ukumbi mzima.

*

Kuanzia siku hiyo nchi iliharibika.

Watu waliacha utani. Mama alipofungua bomba likakohoa, hakusema Mbunge hajaja. Alisema, "Pesa za bomba zimeliwa na Mbunge," akamtaja jina, baba yake na nyumba aliyojenga. Kijana aliyetumbukia shimoni na baiskeli hakusema amezindua Mradi. Aliinuka, akajipangusa, akaenda ofisi ya mkandarasi na kumwambia, "Wewe ni mwizi," na mkandarasi aliyezoea kusikia mafumbo na kuyajibu kwa tabasamu alijikuta tabasamu halina pa kukaa. Wanawake sita wa mahabusu walikata rufaa. Kila mmoja alisimama kizimbani akaeleza kwa maana moja alichomaanisha, na kila mmoja akaachiwa. Yule wa nywele nusu alieleza kwa dakika arobaini.

Mlezi alipita tena sokoni. Hakuna aliyecheka. Walisimama tu, wakaliangalia gari. Alitaka kupandisha vioo, akakuta vimekwisha panda.

"Kwa nini hawacheki?" aliuliza.

Ndani ya gari kulikuwa na Waziri mpya wa Habari, naye alikuwa ameambukizwa. "Wanakuchukia," alisema, akafungua mlango mwenyewe akashuka.

Usiku huo ikatoka Sheria ya Maana Mbili. Ilisema kila neno litakuwa na maana zisizopungua mbili, na atakayekutwa akisema jambo waziwazi atafungwa miaka sita. Redio iliwaomba wananchi, kwa heshima na taadhima, warudi kwenye mafumbo yao mazuri ya asili, ambayo serikali iliyathamini siku zote.

Asubuhi karandinga liliegeshwa stendi ya malori. Kapalata alishuka na karatasi mkononi. Bi Siwatu alikuwa kwenye karai, Sikudhani anasukuma unga, na wateja kama thelathini wamepanga foleni.

"Nataka andazi," alisema Kapalata.

"Lipo."

"Linaitwaje?"

"Andazi."

"Bi Siwatu." Kapalata alisogea. Jasho lilimtoka, na si kwa ajili ya moto. "Nakuomba, liite Hotuba. Ni amri. Watu wakisikie kile... kile kichekesho chenu. Wacheke. Hata mimi nitacheka, nimepewa kibali." Akawaonyesha watu mashavu yake yakijitahidi. Ilikuwa kama kuangalia mtu akifungua kopo kwa kucha.

"Sina hotuba, baba. Nina maandazi. Hamira imepatikana."

Kapalata akamgeukia Sikudhani. "Binti, tumeanzisha Idara ya Mafumbo. Wewe ndiye Mkurugenzi. Mimi nitakuwa chini yako. Kiti kina miguu yote."

"Sitaki."

"Una maana gani?"

"Sitaki."

Kapalata alisubiri maana ya pili ifike. Haikufika. "Hilo ni kosa," alisema, na sauti ikamrudia, kwa kuwa sasa alikuwa mahali anapopajua. "Miaka sita. Panda garini."

Sikudhani aliikung'uta mikono yake. Hofu alikuwa nayo, ya kutosha kugawia foleni nzima, lakini alipanda. Bi Siwatu aliepua karai, akamwaga maji kwenye makaa, akafuata. "Na mimi sitaki," alisema akiinua pindo la khanga kwenye ngazi.

"Hujaulizwa, mama!"

"Nimejibu hivyo hivyo."

Fundi viatu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alisema, "Mimi pia sitaki," akapanda. Akafuata mpiga debe, akafuata muuguzi aliyetoka zamu, akafuata mzee mmoja aliyeanza kwa kuuliza hawataki nini, alipoambiwa akasema hata yeye hakitaki, tangu zamani. Foleni haikuvunjika. Ilikunja kona tu, kutoka kwenye karai kwenda kwenye karandinga, mpaka gari likajaa na waliobaki wakashika mabomba ya nje.

Kapalata alipiga bodi kwa kiganja. "Dereva! Ondoa gari!"

Dereva, koplo mmoja mzito aliyekuwa akitafuna kijiti cha meno muda wote huo, hakugeuka.

"Halina mafuta, mzee."

"Kwa nini halina mafuta?"

"Mmeyaiba."